Mayai Yaliyoitika Bila Hodi

Wenzangu tunaokutana nao Jumamosi kusomeana hadithi huniuliza kwa nini siandiki juu ya wanaume walioleta uhuru. Nawajibu kwamba mimi uhuru niliuona kwanza mahali ambapo hapakuwa na mlingoti wala bendera. Niliuona kwenye kisahani cha kioo, chini ya hadubini, katika chumba kinachonuka samaki ufukoni Likoni. Aliyenionyesha ni dada yangu. Anayeona hiyo ni habari ndogo na aufunge ukurasa huu sasa hivi, asinisumbue.

Baba alipofariki tulibaki watatu nyumbani: mama, dada na mimi. Ami yetu, mdogo wake baba, alikaa nyumba ya jirani na ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Hakuna mlango uliopakwa rangi wala posa iliyojibiwa bila yeye kushauriwa. Dada alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Uganda na shahada ya elimu ya viumbe. Ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, wakati vibaraza vya Likoni vilikuwa vikibishana kutwa kama pwani itabaki ya Sultani au itakwenda na bara. Watu walijua waiweke wapi pwani, kila mtu na rai yake. Dada yangu hawakujua wamweke wapi. Walimsalimu kwa adabu, kisha wakasimama wakimtazama kama bango lililoandikwa lugha ngeni.

Alipata kazi ya msaidizi katika kituo kidogo cha utafiti wa samaki, kando ya mwamba. Mkuu wa kituo alikuwa Mwingereza mrefu, kiko hakimtoki mdomoni, na alichotaka kwa dada ni kuhesabiwa vijidudu vya majini wanavyokula samaki. Dada alivihesabu. Akimaliza, aliruhusiwa kuitumia hadubini kwa shughuli yake mwenyewe mpaka saa ya kufunga. Ruhusa ile ndogo ndiyo iliyokuwa maisha yake. Mkuu alikuwa amemwahidi kwamba kazi ikionekana nzuri atampendekeza akasome zaidi ng'ambo, na hapakuwa na mtu mwingine pwani nzima ambaye neno lake lingefika huko.

Ami naye alikuwa na sharti lake. "Kufanya kazi, afanye," alisema. "Lakini kukaa chumba kimoja na wanaume peke yake, hilo halipo." Basi kila asubuhi mama alivaa buibui, akachukua kikapu chake chenye ukili wa kusukia mkeka, chetezo na kijaluba cha ubani, akafuatana na bintiye kazini. Alikaa kwenye kibao kando ya dirisha. Watu wa kituo walimzoea upesi, wakawa wanampa salamu kabla ya kumpa mkuu.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi palepale Likoni, na jioni nikiandika hadithi ambazo hakuna aliyeniomba. Jumamosi nilikwenda kituoni kuwaona. Ndipo dada aliponikalisha mbele ya hadubini, akaniambia nifumbe jicho moja.

Alikuwa akifanya kazi na shefe, wale wanyama wa duara wenye miiba ambao kila mtoto wa pwani ameshawakanyaga akalia. Jike alimtoa mayai, dume akamtoa mbegu nyeupe kama tui. Akatia tone la mayai, halafu tone la mbegu.

"Tazama ukingoni," alisema.

Nikaona yai, duara la rangi ya mchanga. Mbegu zikalizunguka zikitetemeka. Mara ukainuka utando kulizunguka lote, mwepesi, unaong'aa, kama shuka iliyoingia upepo.

"Yai hili zima ni seli moja tu," akasema. "Mbegu imegusa upande huu, mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Kabla hujamaliza kusoma Alhamdu, upande wa pili nao umekwisha jua. Nani amepeleka habari?"

"Mbegu."

"Mbegu ingali mlangoni. Haijaingia ndani."

"Basi sijui."

"Nami sijui. Na huyo bwana hapo mwenye kiko hajui. Na walionifundisha Uganda hawakujua. Ndiyo raha yake."

Nilikuwa kijana nikiamini kwamba siri kubwa za dunia zimo katika mapenzi na mauti. Siku ile nilirudi nyumbani nikitazama mikono yangu. Nilifikiri jinsi ilivyojaa vyumba visivyohesabika, na katika kila chumba mtu anabisha na mtu anaitika, na mimi mwenye nyumba sisikii kitu.

Shida ikaja baada ya mvua za vuli. Katika kila jaribio dada aliweka kando mayai ambayo hayakupewa mbegu hata kidogo. Hayo yalitakiwa yanyamaze. Yakinyamaza, unajua kwamba yale mengine yameitika kwa sababu ya mbegu na si kwa sababu nyingine. Visahani vya mayai hayo alivitenga katika kabati lake, na mama, ambaye hakuweza kuona chombo kinanuka shombo akatulia, alikuwa amejitwalia kazi ya kuviosha. Dada alimwambia, "Mama, vya kabati hili viwe safi kuliko vyote." Mama akasema inshallah.

Lakini mayai hayo hayakunyamaza. Yaliinua utando yenyewe, bila mbegu, moja baada ya jingine. Dada akachemsha maji. Akabadilisha shefe. Akaoga na kubadilisha nguo kabla ya kugusa mayai, asije akawa yeye ndiye anayebeba mbegu vidoleni. Yakainua tu.

Mkuu alipita, akachungulia, akatoa kiko mdomoni. "Vyombo vyako vichafu," alisema. "Mbegu zimeingia."

"Yangekuwa yamepata mbegu yangegawanyika," dada akamjibu. "Likishapata mbegu, yai huwa mawili, kisha manne. Haya yameinua utando yakakaa vivyo hivyo mpaka yakafa. Hakuna hata moja lililogawanyika."

"Vichafu," alisema mkuu, akaenda zake.

Ilikuwa miezi mizito nyumbani. Mama alimtilia dada samaki wa kupaka naye akamchokoa miiba kana kwamba anatafuta kitu ndani.

Ramadhani ikaingia. Shule ilifungwa mapema, nikawa nashinda kituoni. Alasiri moja, jua likiwa kali na koo zetu zimekauka, dada alifungua kabati lake, akatoa kisahani, akakiinua kwenye mwanga kukitazama. Nikamwona anasita. Akafumba macho. Akakisogeza kisahani puani.

"Nimetamani maji ghafla," alisema polepole. "Nimetamani maji ya mtungi wa nyumbani."

Akanipa ninuse. Ilikuwa harufu ya kila bilauri niliyowahi kunyweshwa tangu utotoni. Na kwa kuwa ni ya kila bilauri, hatukuwa tumeisikia miezi yote ile. Ilibidi tuwe na kiu ya saumu ndipo pua zetu zikumbuke kwamba maji yenyewe hayana harufu.

"Mama," akaita dada.

"Naam, mwanangu."

"Visahani hivi ukishaviosha wavifanyani?"

"Navifukiza."

Kule nyuma, penye bomba, mama alikuwa akiweka kaa la moto katika chetezo, akatia ubani, akakifunika kila kisahani juu ya moshi kama tunavyofanya sote kwa mitungi na bilauri za kunywea.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponambia viwe safi kuliko vyote. Hivyo vingine navisuuza tu. Ati ulitaka chombo cha heshima kinuke shombo?"

Dada alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama akachukia. "Sasa ubani wangu umekuwa uchafu?"

"La, mama." Kicheko kilimkatika. "Ngoja. Ngoja kidogo. Kama ni moshi, basi mbegu hazikuwamo. Na kama mbegu hazikuwamo, mayai yameitika bila mbegu kubisha hodi."

Mama akanitazama. "Huyu saumu imempanda kichwani."

Lakini dada alikwisha inuka. Kesho yake akatenga visahani vya moshi na visahani visivyo na moshi, mayai ya shefe mmoja, maji ya ndoo moja. Visivyo na moshi vikanyamaza. Vya moshi vikainua. Akarudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Akamwomba mama afukize kidogo, afukize sana. Penye moshi mwingi mno mayai yalipasuka. Penye moshi kidogo yaliinua utando mzuri kama wa harusi. Mama sasa alifukiza kwa madaha, akisimama na chetezo kama mpambe wa bibi arusi.

"Waona?" dada aliniambia tukirudi nyumbani. "Nilidhani mbegu inaleta habari mkononi kama tarishi. Kumbe habari iko ndani ya yai siku zote. Imelala. Mbegu huiamsha, na moshi nao umeiamsha. Sasa swali ni jingine: ni kitu gani hicho kilicholala humo?"

Sijapata kusikia mtu akifurahi hivyo kwa kuongezewa swali.

Habari ikatoka mtaani, maana mama hakuwa mtu wa kuficha. Jirani mmoja, mama wa makamo anayekuna nazi kwa sauti, alimsimamisha njiani. "Nasikia kwa binti yako mayai yazaa bila mume."

"Hayajazaa," mama akamjibu. "Yamevimba tu."

"Hata mimi nilianza kwa kuvimba tu, shoga."

Wanawake waliokuwa njiani wakaanguka kwa kicheko, mama yetu akiwa mmoja wao. Ami hakucheka. Alikuja baada ya tarawehe akakaa ukingoni mwa kiti. "Msikitini waniuliza kama Likoni tutafunga ndoa tena, au tutafukiza ubani tu yaishe. Binti wa ndugu yangu amekuwa mzaha. Kuna mtu wa Kisauni, mfanyabiashara, aliposa tangu mwaka jana. Mimi nataka kumjibu."

"Mjibu, ami," alisema dada. "Mwambie la."

"La kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nina kazi sijaimaliza."

"Na ukimaliza?"

"Kwa ninavyoiona, ami, haimaliziki."

Ami akaondoka na kofia yake mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitembea njiani kichwa wazi.

Baada ya Idi dada alimpelekea mkuu taarifa yake. Aliandika kila kitu: shefe, maji, ubani, jinsi kaa linavyowekwa katika chetezo, jinsi kisahani kinavyoinamishwa, na kwamba ufukizaji ulifanywa na mama yake kwa desturi ya nyumba za pwani. Nilikuwapo, Jumamosi hiyo. Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa mwisho aliigeuza kana kwamba huenda nyuma pameandikwa kwamba ni mzaha.

"Hii siwezi kuipeleka Nairobi," alisema. "Watasema nimekigeuza kituo kuwa nyumba ya waganga."

"Waambie waje wafukize wenyewe."

Akamgeukia mama, akatumia Kiswahili chake cha kuamrisha watumishi. "Mama, wewe kwenda nje. Hapa kazi."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ukili. "Mwambieni mimi nimo kazini tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyekuja sasa."

Hakuna aliyemtafsiria. Mkuu akavuta karatasi safi, akaandika mistari michache, akaisukuma mbele ya dada. Niliisoma juu ya bega lake. Ilisema majaribio ya mayai yameharibika kwa uzembe wa kuosha vyombo, na yamesimamishwa. Chini aliacha nafasi ya jina la dada.

"Tia saini," alisema, na nakiri kwamba sauti yake haikuwa mbaya. Alidhani anamsaidia. "Rudi kwenye kuhesabu vijidudu. Mwaka ujao nitakupendekeza kama nilivyoahidi. Bila hii, sina la kuwaandikia. Fikiri juu ya maisha yako."

"Ndiyo ninayoyafikiri," dada alisema. "Ukiandika kwamba ni mbegu zilizoingia kwa uchafu, hapo utakuwa umeandika jambo ambalo mayai yenyewe yamelikataa. Na jina litakuwa langu. Sitii saini."

"Basi sina nafasi yako hapa."

Dada alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo. Alisimama, akaifunika hadubini kwa kitambaa chake kama mtu anayemfunika mgonjwa aliyelala, akachukua taarifa yake. Mama akakunja ukili. Tukatoka watatu, mama mbele.

Nilimwambia dada njiani kwamba angetia saini tu, angekwenda ng'ambo, huko angesema kweli. Alisimama katikati ya njia ya mchanga.

"Huko nikisema kweli wataniuliza, mbona uliandika hivi? Niwajibu nini? Kwamba nilikuwa nataka nauli?"

Nikampokea ile taarifa, nikaibeba mimi mpaka nyumbani.

Dada alipata kazi ya ualimu shule ya sekondari huko Changamwe. Palikuwa na hadubini moja, kuukuu, lenzi moja ina ufa. Mkuu wa shule hakujali mwalimu anafanya nini darasani baada ya kengele, ilmradi anafunga mlango. Lakini Changamwe, pamoja na maji yote yanayoizunguka, maji yake yana mafuta ya meli na ya mitambo, na mayai ya shefe hayastahimili. Basi dada alichota maji ya bahari Likoni, akayatia debe, akavuka nayo kivukoni, akapanda basi mpaka Changamwe, na shefe katika ndoo yenye kifuniko. Mama alimfuata na kikapu. Kondakta wa basi alilitazama debe.

"Bibi, maji haya ni ya nini?"

"Ya bahari."

"Mwayapeleka wapi? Kisiwa hiki kimezungukwa na bahari pande zote."

"Hii ni bahari ya Likoni," akasema mama kwa utulivu. "Mumezowea bahari yenu, nasi tumezowea yetu." Abiria wakacheka, kondakta akalipandisha debe.

Hivyo alifanya kazi, mwaka na zaidi. Wakati huo huo nchi nzima ilikuwa ikipiga kelele, na mimi nilikuwa mmoja wa wapiga kelele. Nilikwenda kwenye mikutano, nikarudi sina sauti. Nilipompitia dada jioni nilimkuta ameinama, jicho moja limefumbwa, mgongo umepinda, kimya. Kuna mwandishi mwenzangu aliyeniambia kwamba mtu asiyesikia historia inavyobisha mlangoni ni msaliti. Nilimwambia aje Changamwe amwambie dada yangu hayo, achague siku mama amekwenda naye. Hakuja.

Alipokuwa na hakika, aliandika makala, akayapeleka mwenyewe kwa wahariri wa jarida la sayansi la ng'ambo, bila jina la kituo wala pendekezo la mtu. Jibu lilikawia sana. Lilipofika lilikuwa la adabu. Walisema kazi imewavutia. Walimtaka arudie kwa kupima ubani kwa mizani, na awape jina la mti unaotoa utomvu huo. Halafu waliomba kwamba maneno yanayomhusu mama yake na desturi ya kufukiza vyombo yaondolewe. Wasomaji wao, walisema, wangeyaona si ya kisayansi.

Ami alikuwapo dada alipotusomea barua hiyo. Siku hizo alikuwa anakuja mara kwa mara; mtu wa Kisauni alikwisha oa kwingine, na hasira yake ilikuwa imepoa ikawa udadisi ambao hakutaka kuukubali.

"Sasa hilo ni jambo dogo," alisema. "Waondolee. Mama yako hatatoka nyumbani kwa kufutwa karatasini."

Mama alikuwa anachambua mchele.

"Nitapima kwa mizani," alisema dada. "Mti nitawaandikia jina lake. Hayo ni haki yao kuuliza. Lakini nilipataje kujua? Sikuota. Nikiyafuta hayo, mtu mwingine akisoma atadhani nilikaa nikabuni kutia ubani kwa akili nyingi. Itakuwa uongo wa kunitukuza. Uongo wa kunidhalilisha niliukataa, na huu nitaukataa vilevile."

"Na wakikataa kuchapisha?"

"Nitawapelekea wengine."

"Na hao wakikataa?"

"Ami," alisema, "wewe wanijua."

Ami akavua kofia, akaitazama ndani. "Nakujua," alisema. "Nilikuwa natafuta tu mahali utakapochoka."

Dada aliwajibu siku ile ile, kwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Wahariri walinyamaza mpaka tukadhani yamekwisha. Halafu makala yakatoka. Mama alikuwa amefupishwa, lakini hakufutwa: sentensi moja, katikati ya ukurasa, kwamba vyombo vilifukizwa na mama wa mwandishi, kwa desturi ya nyumba za pwani. Kutokana na ukurasa huo maabara moja ya ng'ambo ilimwita. Aliondoka miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa. Ami ndiye aliyebeba sanduku lake.

Leo dada anatafuta kile kilicholala ndani ya yai. Ananiandikia kwamba wapo watu wengi sasa wanaotafuta jambo hilo hilo katika seli za ini, za misuli, za damu: mguso unafika nje, na ndani anaamka mjumbe wa pili anayepeleka habari. Wanabishana sana. Mwezi uliopita mkubwa wake wa kazi alimwambia matokeo yake ya karibuni hayawezekani, vyombo vitakuwa vichafu.

Dada amemwambia avute kiti akae, atazame.